Vyura wa Chumba Kisicho na Moto

Jambo la kwanza ambalo mtu alilitambua kwa Verna Trembath kipupwe kile ni koti. Hakulivaa ili atoke. Alilivaa sebuleni kwake, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, huku jiko la chuma pale pembeni likiwa baridi kama jiwe la mtoni. Kuni hakuzikosa, zilipangwa nje ukutani mpaka zikakaribia paa. Na ulikuwa mwezi wa Julai, na Julai ya Clunes, mji mdogo wa kusini mwa dunia, haina masihara. Asubuhi sakitu hulala juu ya majani, nyeupe kama unga, na maji ya kunywesha ndege hugeuka kioo.

Mgeni akiwa bado anajiuliza kama mama huyu ni bahili au amepungukiwa akili, ilisikika sauti kutoka nyuma ya majani: krii, krii, krii, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana.

"Kiti hicho usikikalie, mpenzi," Verna alisema. "Mmoja wao hupenda kulala kwenye mkono wake."

Hakuzaliwa mpenda vyura. Sehemu kubwa ya umri wake aliimaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali huko Ballarat, akipiga pasi mashuka yasiyoisha, na jioni aliimaliza akimsikiliza mumewe Clarrie, mtu wa maneno mengi, aliyeongea hata na birika lilipochelewa kuchemka. Clarrie alipofariki, nyumba ilinyamaza ghafla kama redio iliyochomolewa. Binti yao aliishi Perth, upande wa pili wa nchi, na alipiga simu kila Jumapili. Siku nyingine zote Verna alisikiliza saa ya ukutani.

Kazi ya kulea mimea ya watu hakuiomba, ilimwangukia. Kila baridi inapokaribia, wazee wa mji ule hufunga nyumba zao, hufunga nyuma ya magari nyumba zao za magurudumu, na kukimbilia kaskazini, Queensland, kulifuata jua. Mimea ya vyungu haisafiri. Wa kwanza kuleta alikuwa jirani yake, Lorraine Pascoe, aliyepitisha kangaga lake juu ya ua na kusema, "Shoga, huyu umpe maji tu, wala hali." Baada yake walikuja wengine. Mwezi wa Juni ulipofika, Verna alipita kwenye ukumbi wa nyumba yake kwa ubavu, kama kaa, maana vyungu vilikuwa vimeshika njia yote.

Ndipo siku moja, alipokuwa akifuta vumbi kwenye kangaga la Lorraine, jani moja lilimrukia mkononi.

Alipiga yowe ambalo mbwa wa mtaa mzima waliliitikia. Kikombe kilianguka, kikavunjika. Alipopata pumzi na kutazama, aliona kitu kidogo kama haragwe, cha kahawia, kimekaa kwenye kifundo cha mkono wake na kumtazama kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Na juu ya ukingo wa chungu alikuwapo mwenzake. Bila shaka walikuwa wamelala kwenye mmea huo tangu ukiwa barazani kwa Lorraine, wakaingizwa ndani pamoja nao wakati sakitu ilipoanza.

Verna aliwapeleka mpaka mlangoni ili awatupe. Alipoufungua, upepo ulimpiga usoni kama kofi. Akaufunga.

Alipiga simu zahanati ya wanyama Ballarat, akaunganishwa na muuguzi aitwaye Shehani Wijeratne, ambaye pia alikuwa katika kikundi cha watu wanaolea vyura waliopotea. Shehani alimweleza kwa upole. Hao ni vyura wa hapa hapa, baridi wanaijua. Wasishikwe kwa mikono mikavu. Wasipewe maji ya bomba, kwa sababu ya dawa iliyomo. Wapewe ya mvua. Chumba kisiwashwe moto, kwa maana joto la jiko hukausha ngozi yao na kuwaamshia njaa wakati wadudu hawapo. Ganda la ndizi likiachwa lioze kwenye kopo, nzi wadogo watajileta wenyewe.

"Halafu siku ikija mvua isiyo na sakitu, uwarudishe pale walipotoka," Shehani alimalizia. "Umenielewa, Verna? Si wa kufuga."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Alimwelewa, na yote aliyafanya isipokuwa hilo la mwisho. Mvua ilikuja, na Verna akaona upepo ni mkali. Ikaja nyingine, akaona mmoja wao amekonda. Ukweli ni kwamba jioni walipoanza krii, krii, krii, yeye naye alianza kuwajibu, na bila kujijua akawa anawasimulia mambo ya dukani. Aliketi na koti lake, miguu imefunikwa blanketi, pua nyekundu kama nyanya, na kwa mara ya kwanza tangu Clarrie aondoke hakuisikia saa.

Katikati ya Julai, Lorraine na mumewe Ron walirudi kabla ya wakati. Hospitali ilikuwa imeiwahisha siku ya kupasuliwa goti la Ron, na goti, alisema Lorraine, halina adabu ya kungoja jua. Alikuja kumsalimu Verna akiwa na rangi ya mtu aliyekaangwa vizuri, na mikononi alibeba mmea mkubwa unaofanana na nanasi, majani yake magumu yakikutana katikati na kufanya kikombe kilichojaa maji.

"Zawadi yako," alisema, akicheka kwa namna ya mtu mwenye siri. "Shukrani kwa kulea wangu. Muweke pale kwa watoto wako, wapate rafiki."

Verna alifurahi mno. Siku ile ile aliuosha mmea ndani ya karai, akaupindua ili maji ya zamani yamwagike, akajaza mapya ya mvua. Yale machafu aliyatia ndooni.

Na hapa lazima ndoo ielezwe. Katika mji ule hakuna mtu wa rika la Verna anayemwaga maji kwenye karo. Ukame mrefu uliwafundisha. Kwa miaka walioga na ndoo miguuni, wakaosha vyombo na ndoo kando, na kila tone likabebwa nje likafufue kitu. Mvua zilirudi, lakini ndoo hazikuondoka mlangoni. Wengine walimwagia miti ya matunda. Verna aliibeba yake mpaka nyuma ya ua, kwenye bwawa la wachimba dhahabu wa zamani, kwa sababu katika bwawa hilo waliishi vyura wakubwa wa kijani wenye madoa ya dhahabu, wanaonguruma kama pikipiki inayobadilisha gia. Watu walidhani wametoweka. Waliposikika tena, mji mzima ulitembea kifua mbele. Watoto wa shule walichora kibao, na kila Novemba watu walikusanyika pale kuwasikiliza. Kiangazi kilipokausha bwawa, ndoo ya Verna ndiyo iliyolifadhili. Alisifiwa kanisani kwa ajili yake.

Siku chache baada ya zawadi ya Lorraine, Verna aliamka, akaenda kufungua pazia, na kumkuta amebandika tumbo kwenye kioo cha dirisha: chura mdogo kuliko wale wengine, wa kijani kama pilipili hoho changa, na mstari mweupe kwenye mdomo kana kwamba amekunywa maziwa akasahau kujifuta. Verna alijishika kifua. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile katika nyumba yake. Alimnyunyizia maji, akampeleka kwenye kangaga kwa wenzake, na kabla hata ya kunywa chai akampigia Shehani.

"Sasa ninao watatu!" alisema. "Na huyu mpya amevalia kama anakwenda harusini."

Upande wa pili kalamu iliwekwa chini.

"Wa rangi gani, Verna?"

"Kijani. Kijani kabisa, mwanangu, ungemwona..."

"Usimguse tena. Usimwage maji yoyote popote. Ninakuja."

Shehani alifika akiwa bado na sare za kazini, nywele hazijafungwa vizuri. Alivaa glavu, akamtia chura wa kijani kwenye kikasha chenye karatasi yenye unyevu, na wale wa kahawia kila mmoja kwenye chake. Alifanya yote hayo bila salamu, na Verna, aliyekuwa ameandaa vikombe viwili vizuri, alisimama na birika mkononi asijue aliweke wapi.

"Huyu si wa hapa," Shehani alisema mwishowe. "Ni wa kaskazini. Amesafiri na mmea. Yeye hana kosa, lakini hatujui amebeba nini. Kuna ugonjwa wa ngozi, wa kuvu, unaoua vyura. Husafiri kwa chura hadi chura, na kwa maji. Ugonjwa huo hupenda hasa maji ya baridi."

"Hawa wangu wawili watakufa?"

"Hawa wadogo wa kahawia mara nyingi huubeba wasidhurike sana. Wanaoangamia ni wale wakubwa, wenye madoa ya..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yametua mlangoni.

"Verna. Ndoo ile huwa unaimwaga wapi?"

Verna alifungua mdomo. Alihisi sakafu imeondolewa chini ya viatu vyake, na yeye amebaki akining'inia pale, na koti lake na birika lake. Aliona waziwazi mkono wake mwenyewe ukiinamisha ndoo ukingoni mwa bwawa, kwa uangalifu, polepole, ili asitibue tope.

"Nilikuwa nawapa maji," alisema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto.

Shehani akakaa. Alikikalia kiti kile kilichokatazwa, na hakuna aliyemkanya.

Wakati huo ndipo Lorraine alipoingia bila kubisha, kama alivyozoea, na sahani ya skonzi iliyofunikwa kitambaa.

"Haya, nani kafa humu?" aliuliza. Kisha akaona kikasha, na uso wote ukamchangamka. "Ah! Kumbe kashajitokeza! Nimengoja siku zote hizi nikusikie ukipiga yowe, shoga! Nilimwambia Ron, la safari hii litafika mpaka Ballarat."

Shehani aliinua kichwa polepole. "Ulijua kwamba yumo?"

"Nilijua? Mimi ndiye niliyemweka! Pale kambini tulipoegesha wamejaa kwenye mimea ya mlango wa bafu, hata mtu hajisaidii kwa raha. Verna kila nikimpigia simu ni vyura, vyura, hamuulizi hata Ron hali. Nikasema nimletee. Nikaziba kikombe cha mmea kwa leso mbichi, tukaja nao taratibu. Ron aliendesha kama amebeba mayai!"

Alicheka peke yake. Kicheko kilimfia mdomoni alipoona hakuna wa kukidaka.

"Umesema 'nao'," Shehani alisema. "Walikuwa wangapi?"

"Watatu. Mmoja angeona upweke."

Verna aliweka birika mezani kwa kishindo hata kifuniko kikaruka. Katika urafiki wao wote hakuwahi kumpandishia Lorraine sauti. Siku ile aliipandisha mpaka vioo vikatikisika.

"Upweke? Mimi ndiye niliyekuomba? Nilikuomba mimi, Lorraine?"

"Usinipigie kelele, Verna, mimi nimekuletea zawadi!"

"Zawadi! Umeniletea kaburi kwenye chungu!"

"Mama zangu," Shehani alisema, akiwa tayari amepiga magoti chini ya meza, "gombaneni huku mkitafuta."

Walitafuta. Waliinua kila jani la kila mmea wa kila mzee aliyekuwa akiota jua kaskazini. Walipekua kangaga, walichungulia ndani ya viatu, walitoa mito kwenye viti. Lorraine, aliyewatoa kambini kwa mikono yake mitupu, sasa alijikunyata kila kitu kilipotikisika. Wa pili alipatikana nyuma ya picha ya Clarrie, amejibana kati ya fremu na ukuta, mzima, macho yake yakimeta.

Wa tatu hakuonekana.

Verna alikuwa ameshika majani ya mmea ule wa zawadi, akiyapanua moja moja, pale kumbukumbu ilipomjia. Aliyaachia. Siku ile alipoupindua juu ya karai, maji yalitoka kwa mkupuo, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichodondoka, *tub*, kizito kidogo kuliko tone. Alidhani ni chipukizi lililooza. Hakutazama. Mwanga ulikuwa hafifu, na mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi.

"Yuko bwawani," alisema.

Hakuna aliyemuuliza anajuaje.

Shehani aliwapangusa vyura wote wanne kwa vijiti vya pamba, tumboni, mapajani na kwenye vidole vya miguu, akavitia kila kimoja kwenye mrija wake. Alieleza bila kuficha. Yule wa bwawani, kwa sakitu ile, huenda alikufa usiku wa kwanza. Lakini ugonjwa, kama alikuwa nao, haukufa pamoja naye. Maabara ndiyo itakayosema. Wawili hawa wa kijani walikaa naye kikombe kimoja tangu Queensland. Wakionekana safi, basi kuna kila sababu ya kutumaini kwamba naye alikuwa safi.

"Na wasipoonekana safi?" Verna aliuliza.

"Huenda bwawa lilikuwa na ugonjwa huo tangu zamani na vyura wenu wameuvumilia. Huenda halikuwa nao. Hakuna aliyewahi kulipima." Shehani aliivua glavu moja. "Sitakudanganya, Verna. Ugonjwa ukiwaingia wakubwa wale, mnaweza kufika Novemba mkasikiliza upepo tu."

Aliondoka na vyura wote, wa kijani na wa kahawia. Ndoo, karai na viatu vya Verna vilioshwa kwa dawa na kuanikwa. Njia ya bwawani ikafungwa kwa kamba.

Verna hakujificha. Kesho yake alikwenda dukani, akasimama mbele ya meza, na kuwaambia wote waliokuwapo aliyoyafanya. Jina la Lorraine hakulitaja. Mwenye duka alimtazama, mkate umebaki mkononi.

"Kwa ndoo ile ile?" aliuliza. "Ile tuliyokupigia makofi?"

"Ndiyo hiyo."

Hakuna aliyemtukana. Walinyamaza tu, na ukimya ule ulimfuata mpaka nyumbani, ukaingia naye ndani. Sasa hakukuwa na sababu ya kutowasha jiko, lakini hakuliwasha. Alikaa. Saa ilianza tena kusikika. Alijaribu kujiambia kwamba hakujua, na kila alipojiambia hivyo alimwona mtoto wa shule aliyechora madoa ya dhahabu kwenye kibao, moja moja, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo.

Lorraine hakuonekana kwa siku kadhaa. Ron alionekana, kwa fimbo, akaufikia ua na kusema kwamba mkewe hali chakula, na kwamba yeye aliyekuwa kwenye usukani ana sehemu yake ya lawama. Verna alimjibu kwamba goti halitapona akisimama kwenye baridi.

Asubuhi ambayo majibu yalitarajiwa, Verna alifungua mlango akamkuta Lorraine ameketi kwenye ngazi ya baraza, amejifunika blanketi kichwani.

"Siingii ndani," Lorraine alisema kabla hajaulizwa. "Nimekuja kungoja. Ukinifukuza, nitangojea barabarani."

"Baraza lina barafu, utaganda."

"Nigande."

Verna alisimama pale kidogo. Halafu akaingia, akatoka na kiti kimoja, kisha cha pili, kisha chai. Walikaa bega kwa bega, simu ikiwa kati yao juu ya kigoda, wakiitazama kama watu wanaolinda chungu kisifurike.

"Shehani alisema atapiga kabla ya chakula cha mchana," Verna alisema.

"Huyo huyo aliniambia mimi ni mjinga."

"Hakukwambia."

"Alinitazama hivyo." Lorraine alivuta kamasi. "Verna, nilidhani utacheka. Haki ya Mungu nilidhani utapiga yowe, halafu utacheka."

"Najua."

"Tangu Clarrie, hujacheka vizuri."

Verna alipuliza chai yake. Sakitu ilikuwa inayeyuka kwenye majani, na kutoka nyuma ya ua, bwawani, hapakuwa na sauti yoyote. Lakini katika Julai huwa hapana, na hilo halikumaanisha kitu, na wote wawili walilijua, na bado walitega masikio.

Simu haikulia. Saa sita ilikaribia. Kisha, mwisho wa barabara, gari jeupe la zahanati lilikata kona, likaja polepole kwa sababu ya utelezi.

"Kwa nini amekuja mwenyewe?" Lorraine alinong'ona, akamshika Verna mkono kwa nguvu. "Habari njema si mtu hupiga simu tu? Verna? Kwa nini amekuja?"

"Nyamaza."

"Lakini kwa nini..."

"Nyamaza, Lorraine, nimtazame uso."

Lakini jua la mchana lilikuwa limepiga kioo cha mbele cha gari, na uso haukuonekana. Gari lilisimama. Verna alikuwa tayari ameshuka ngazi na kufika langoni, koti wazi, mkono wake juu ya komeo la chuma lililokuwa bado baridi, akingoja mlango ule ufunguliwe.